Mzima Ajifanyaye Mgonjwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, usiku mmoja baada ya darsa, watu walipokwisha kutawanyika, alibaki mtu mmoja akikunja mkeka ambao haikuwa kazi yake kuukunja. Tukafahamu kuwa ana neno. Ni kijana mwenye mke na watoto, afanyaye kazi ya zamu kwa mshahara wa mwezi. Akatuuliza: mtu akimpelekea tajiri wake habari kwamba ni mgonjwa, na hali si mgonjwa, je, ujira wa siku hiyo ni halali kwake? Tukamwuliza ni siku moja tu? Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni siku tatu, na cheti cha daktari alikinunua.

Alikuwa ameomba ruhusa kwenda Lamu katika arusi ya binti wa dadake, akanyimwa kwa kuwa wenzake wawili walikuwa wamekwisha kutangulia likizoni. Akaenda kwa mlango huo mwengine. Arusi ikapita kwa furaha, akarudi. Na lililomkosesha usingizi si tajiri wala cheti. Ni mwenzake mmoja, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari na miguu yenye kuvimba, ambaye ndiye aliyelazimishwa kushika zamu yake juu ya zamu ya nafsi yake kwa siku hizo tatu, hata siku ya tatu akashindwa kusimama. Mgonjwa wa kweli alibeba mzigo wa mgonjwa wa uwongo.

Tumemwomba ruhusa tulieleze jambo hili bila ya kumtaja jina wala pahala pake pa kazi, naye ameturidhia. Tumelieleza kwa sababu twajua kuwa si yeye peke yake. Wako watu wasalio sala tano, wafungao Jumatatu na Alkhamisi, wasioweza kuinyosha mikono yao katika mfuko wa jirani, na bado asubuhi moja moja hushika simu, wakaidhoofisha sauti, wakakohoa mara mbili, wakasema kuwa usiku kucha homa haikuwaacha. Kisha huicheka simu ilipokwisha kukatwa. Wao hawalioni hilo kuwa ni uwongo wenye kuandikwa. Huliona kuwa ni werevu.

Na nyumba nzima huingizwa. Mke huambiwa akipigiwa simu aseme kuwa mume amelala. Mtoto huambiwa asitaje kwa mwalimu kuwa jana baba alimpeleka pwani kuogelea. Alikuwako mwanamke zama za Mtume (S.A.W.) aliyemwita mwanawe mdogo, akamwambia njoo nikupe kitu. Mtume akamwuliza ni kitu gani alichokusudia kumpa, akajibu kuwa ni tende. Akamweleza kwamba lau asingempa kitu, ingeandikwa juu yake kuwa ni uwongo. Basi ikiwa kumwita mtoto kwa ahadi tupu kwahesabiwa, yahesabiwaje kumfundisha mtoto huyo kuitunza siri ya uwongo wa babake?

Na tuitazame kwanza kazi yenyewe ni nini katika sheria yetu. Mtu aliyeajiriwa kwa muda maalumu amekwisha kuyauza manufaa ya muda ule. Saa zile si zake tena. Ni amana ya mtu mwengine mkononi mwake, na thamani yake ndiyo huo mshahara. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wamezitoa katika muda huo nyakati za sala za faradhi na tohara yake, wala mwajiriwa hapunguziwi ujira kwa ajili ya hizo. Yaliyobaki ni ya aliyemwajiri. Kwa hivyo atokaye kwenda kuisali Ijumaa hakumdhulumu mtu. Lakini wako watokao saa sita kwa jina la Ijumaa wakarejea kazini saa kumi, na baina ya salamu ya imamu na kurejea kwao kumepita biriani, na usingizi, na barza. Hao nao ni jamaa wa huyu wa homa ya uwongo, ingawa kanzu zao ni nyeupe zaidi.

Katika Sura ya Almutaffifiin Mwenyezi Mungu amewaahidi maangamizo wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia watu hupunja. Twaisoma Sura hii tukamfikiria muuza mchele na kibaba chake. Hatumfikirii mtu apokeaye mshahara wa siku thalathini kamili, bila ya kukubali upungue hata shilingi moja, na hali alizozitoa ni siku ishirini na sita. Kipimo ni kipimo, kiwe cha mchele au cha saa.

Tena siku za ugonjwa zina haki yake iliyoandikwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo katika kazi, kwa uchache, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyengine kwa nusu ya mshahara katika kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Na mbali na hizo, yampa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka. Husikia watu wakisema kuwa siku za ugonjwa ni zao, wakiugua au wasiugue, na kuwa asiyezitumia ni mjinga. La! Siku hizo ni kama maji ya msafara: yamewekwa kwa ajili ya atakayeshikwa na kiu. Na cheti kikighushiwa, mambo yametoka katika uwongo wa ulimi yakaingia katika jinai, kwani sheria ya nchi hii yaweza kumtia mghushi gerezani hata miaka 3.

Na huyo daktari auzaye cheti? Yeye amekaa mahala pa shahidi. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiwahesabia sahaba zake madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uwongo aliinuka akakaa, akalikariri neno hilo mpaka wakatamani lau angenyamaza. Pesa alizozipokea kwa karatasi hiyo ni katika chumo baya kabisa, hata kama mkono huo huo umewatibu maskini mia.

Lakini katika jambo hili la udhuru wa uwongo hatukuachwa bila ya kisa, na kisa chenyewe kimo katika Bukhari na Muslim, na chake kimo katika Sura ya Attawba. Ni kisa cha Kaab bin Malik. Mwaka wa 9 wa Hijra Mtume aliwaita watu kwenda Tabuk. Safari ilikuwa ndefu, jua kali, na matunda ya Madina yalikuwa yameiva na vivuli vimependeza. Kaab hakuwa na udhuru wowote. Mwenyewe asimulia kuwa hakupata kuwa na nguvu na wasaa kama wakati ule, na kuwa alikuwa na ngamia wawili, jambo ambalo hakulipata kabla yake. Akawa kila siku akisema kesho nitajitayarisha, na kesho ikipita akisema nitawakuta njiani, mpaka jeshi likawa mbali. Akitoka mjini hakumwona aliyebaki ila mtu aliyetuhumiwa unafiki, au dhaifu ambaye Mwenyezi Mungu amemsamehe. Hebu mtu ajione katika hali hiyo: yuko mzima, amekaa baina ya vipofu, vilema na wanafiki, na hajui ajihesabu na kundi gani.

Zilipokuja habari kwamba Mtume yuarudi, Kaab alianza kuutunga uwongo. Akawashauri watu wa nyumbani kwake wenye akili. Ni yale yale ya leo: niseme kichwa, au niseme tumbo? Lakini Mtume alipokaribia, uwongo wote ukamwondoka, akajua kuwa hataokoka kwa neno lenye uwongo ndani yake. Mtume akafika, akasali msikitini rakaa mbili, akakaa. Wakaja waliobaki nyuma, watu themanini na kitu, kila mmoja na udhuru wake na kiapo chake. Akazipokea kauli zao za dhahiri, akawaombea msamaha, na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu.

Twaomba msomaji asimame hapa. Watu hao udhuru wao ulipokelewa. Walirudi majumbani mwao siku ile ile, na pengine walimcheka Kaab. Kupokelewa kwa udhuru si dalili ya kuwa udhuru ni wa kweli, wala cheti kutiwa faili si dalili kuwa mambo yamekwisha. Qurani ikateremka baadaye ikiwaeleza watu hao kwa maneno mazito kabisa.

Kaab alipokuja, Mtume alitabasamu tabasamu la mtu aliyeghadhibika, akamwuliza ni lipi lililomzuia. Kaab akajibu kuwa lau angekaa mbele ya mtu mwengine yeyote wa dunia angejua jinsi ya kujiokoa, kwani amepewa ufasaha. Lakini akimridhisha Mtume leo kwa uwongo, Mwenyezi Mungu atamghadhibisha juu yake kesho. Wallahi hakuwa na udhuru. Mtume akasema kuwa huyu amesema kweli, akamwamuru aondoke angojee hukumu. Njiani jamaa zake wa Banu Salima wakamlaumu: mbona hakusema kama walivyosema wengine? Walimlaumu hata akakaribia kurudi ajikadhibishe nafsi yake. Hao jamaa tunao hata leo. Ndio wamwambiao mkweli kuwa yeye ni mjinga.

Kisha ukweli ule ukamgharimu. Kaab, na Murara bin Rabii, na Hilal bin Umayya walitengwa. Hapana aliyesema nao kwa siku hamsini. Akitoa salamu hakujua kama midomo ya Mtume imetikisika kwa kumjibu. Binamu yake ampendaye hakumrudishia salamu. Mfalme wa Ghassan akamwandikia barua ya kumvuta upande wake. Akaitia katika tanuri. Zilipopita siku arubaini wakaamrishwa wajitenge na wake zao. Asubuhi ya siku ya hamsini, naye amekaa juu ya nyumba yake na ardhi yote imemwia finyu, akasikia sauti kutoka juu ya mlima wa Sal ikimbashiria, akaanguka kusujudu. Nguo alizokuwa amezivaa akampa aliyembashiria, na hakuwa na nyengine, ikawa hana budi kuazima ndipo aende kwa Mtume. Kaab aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alikuwa akisema kuwa baada ya kuongozwa katika Uislamu hakuneemeshwa neema kubwa kuliko kusema kweli siku ile.

Tulipokuwa tukikisoma kisa hiki katika darsa, mmoja alileta hoja, nayo si hoja ya kupuuzwa. Alisema: je, Nabii Ibrahim (A.S.) hakusema kuwa yeye ni mgonjwa? Naam, imo katika Sura ya Assaffat. Watu wake walimtaka atoke nao katika sikukuu yao. Akatazama nyota, akasema kuwa ni mgonjwa, wakamwacha, naye akayavunja masanamu yao. Lakini na tuyatazame mambo matatu. Ibrahim hakuwa na ujira aliokuwa akiupokea kwa kutoka nao. Neno lake wanavyuoni wamelieleza kuwa lilikuwa na maana ya kweli ndani yake, kama kuwa moyo wake u mgonjwa kwa shirki yao. Na alilolikusudia lilikuwa kuiondoa ibada ya masanamu. Pamoja na hayo yote, imekuja katika Hadithi ya uombezi kwamba Siku ya Kiyama watu watakapomwendea awaombee, atayakumbuka maneno yake matatu ya namna hiyo, na hili ni moja katika hayo, ataona haya, awaelekeze kwa Musa. Basi ikiwa Kipenzi cha Mungu ataona haya kwa neno hilo, mwenzetu aliyebaki kitandani kwa sababu jana alikesha kutazama mpira atalitaja neno lake kwa uso gani?

Na wako wajuao Kiarabu kidogo wajifichao nyuma ya tauria, yaani kusema neno lenye maana mbili. Humwambia msimamizi kuwa leo sijiwezi, na moyoni akakusudia kuwa hajiwezi kwa uvivu. Imam Nawawi ameeleza kuwa tauria yenye kufikisha kwenye kuchukua batili au kuizuia haki ya mtu ni haramu. Mlango huo umefungwa.

Hapa na tutahadharishe jambo moja. Huenea katika ndimi za watu maneno yanasibishwayo kwa Mtume, kwamba mwenye kujifanya mgonjwa atapatwa na ugonjwa wa kweli. Wanavyuoni wa Hadithi wameyakataa maneno haya, wala haifai kumnasibisha Mtume nayo, hata kama makusudio ni mema. Uwongo hautibiwi kwa uwongo juu ya Mtume. Lililo sahihi latosha: amepokea Abu Musa Alashari, katika Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya akiwa mzima na yuko kwao. Ugonjwa basi ni daraja. Mgonjwa hutazamwa, huombewa dua, huletewa uji. Mwenye kuidai daraja hiyo bila ya haki amewaibia hata wagonjwa, kwani kesho akija wa kweli hatasadikiwa.

Nasi hatusemi haya kama watu waliotakasika. Tulipokuwa wadogo chuoni, asubuhi moja hatukuwa tumehifadhi ubao wetu, tukatia kitunguu kwapani kama tulivyofundishwa na wakubwa wetu wabaya, tukalala tukitetemeka. Mama akasadiki. Baada ya adhuhuri wakaja wanachuoni wenzetu na bakuli la uji kutoka kwa mke wa mwalimu, wakatwambia kuwa mwalimu aliwasimamisha wote kusoma, wakatuombea shifaa chuo kizima. Tuliunywa uji ule. Mwalimu wetu amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na hatukupata kumwambia.

Wala isifahamike kuwa twamwambia aliye mgonjwa aende kazini akijikokota. Mwenyezi Mungu amemwondolea mgonjwa uzito waziwazi. Tangu mwaka 2020, yalipokuja maradhi ya korona, kila mtu amejua kuwa mwenye dalili za kuambukiza kukaa kwake nyumbani ni kuwahifadhi wenzake. Na maradhi ya moyo na akili nayo ni maradhi. Mwenye huzuni iliyomvunja hata hawezi kula wala kulala si mwongo akisema kuwa ni mgonjwa, na aende kwa daktari bila ya kuona haya.

Imebaki kusema na matajiri, khasa matajiri Waislamu, na hapa kalamu yetu ina uchungu. Wako wenye maduka na maghala ambao kijana akiwaendea kwa kweli, akasema shangazi yangu amefariki nataka kwenda kuzika, hujibiwa kuwa shangazi si mama. Mwenzake akidai homa, hupewa siku mbili. Basi ni nani aliyemfundisha kijana kusema uwongo? Mtu anayeiadhibu kweli na kuulipa uwongo ana sehemu yake katika kila udhuru wa uwongo unaomfikia. Na likizo ya siku 21 si hisani yake, ni haki. Kuizuia ni dhulma vile vile kama alivyo mwizi wa saa. Pamoja na hayo, dhulma ya tajiri haiuhalalishi uwongo wa mfanyakazi. Aliyedhulumiwa ana njia zake za kudai, na dai la mkweli husikilizwa. Twalalamika mno sisi watu wa pwani kuwa kazi hazitufikii, na katika malalamiko hayo mna kweli. Lakini kila cheti cha uwongo kinachokamatwa humpa hoja yule asiyetaka kutuajiri, na atakayekosa kazi kwa hoja hiyo ni ndugu yetu mwengine asiye na kosa.

Tukarudi kwa mwenzetu wa mkeka. Tulimwambia kuwa haki za watu haziishi kwa kusema astaghfirullah peke yake. Toba ya jambo hili ni kuliacha, kujuta, kuazimia kutolirudia, na kuirudisha haki kwa mwenyewe. Ujira wa siku tatu si wake, naye aurudishe, ama kwa pesa, ama kwa kuzitoa siku tatu katika likizo yake, ama kwa kufanya kazi saa mfano wake bila ya kuzidai. Halazimiki kujifedhehesha mbele za watu, iwapo haki yaweza kurudi bila ya hayo. Na mwenzake mwenye maradhi ya sukari ana haki yake mbali. Huyo ni lazima amwendee ana kwa ana. Akatuuliza: na nikifukuzwa kazi? Hatukuweza kumpa dhamana. Kaab naye hakupewa.

Siku ya Ijumaa iliyofuata alimwendea yule mzee nyumbani kwake. Mzee akacheka, akamwambia kuwa alijua tangu siku ya kwanza, kwani picha za arusi zilikwisha kumfikia katika simu ya mkewe, na mgonjwa mwenyewe yumo akicheza goma. Akamsamehe. Lakini akamwambia kuwa yeye amesamehe, miguu ndiyo ambayo haijasamehe bado. Tangu siku hiyo kijana huyu humshikia mzee zamu ya usiku kila Alkhamisi. Na barua ya kutaka siku tatu zikatwe katika likizo yake ameipeleka. Kufikia tunapoandika haya, jibu hajalipata.

Wa billahi ttawfiq.